Sura ya Nne: Mmoja au Wengi?

Mtetea wangu mwekundu alikuwa na desturi ya kutoka bandani kabla ya wenzake wote. Ukifungua mlango tu, anakupita miguuni mbio kuelekea jikoni, kwa kuwa alijua ukoko wa ugali wa jana hutupwa pale. Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, huko Kihonda, Morogoro, nilifungua mlango wakatoka kuku wote isipokuwa yeye. Nilimkuta kwenye kona, amejikunyata kama aliyenyeshewa, shingo kaivuta ndani, macho kayafumba nusu, manyoya ya mgongoni yamesimama.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho wanachofanya wafugaji wengi. Sikumshika. Sikumtazama chini ya bawa wala sikuangalia kinyesi chake. Nilipanda bodaboda hadi duka la dawa za mifugo, nikamwambia muuzaji kwamba kuku wangu anaumwa, naomba dawa kali. Akanipa antibiotiki ya unga. Niliikoroga kwenye maji ya kuku wote ishirini na watatu, nikaenda kazini na moyo umetulia.

Jioni alikuja jirani yangu, mama mtu mzima aliyefuga kuku tangu usichana wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamweleza habari ya mtetea na dawa niliyonunua. Hakuuliza ni dawa gani. Aliuliza, "Mwanangu, anayeumwa ni mmoja au wangapi?"

Sikuwa na jibu. Tulizunguka uani tukihesabu, tukawakuta wanne. Jogoo niliyemnunua mnadani siku chache nyuma, jogoo ambaye nilikuwa nikijivunia kifua chake kwa kila mgeni, alikuwa amesimama peke yake chini ya mwembe, mdomo wazi, anakoroma kila anapovuta pumzi. Yule mama alimtazama kidogo tu. "Mdondo huo," akasema, "nao umekuja na huyu." Katika siku sita nilizika kuku kumi na tisa.

Swali la yule mama ndilo ninalotaka ulishike katika sura hii, kwa sababu linatangulia mengine yote. Kuku mmoja anapougua na wenzake wakawa wazima, jibu mara nyingi liko mwilini mwake mwenyewe, na unaweza kulitafuta kwa mikono yako. Wakiugua wengi kwa pamoja, kazi yako ya kwanza inahamia kwa wale ambao bado wazima.

Tunasema kuku kaugua ghafla, lakini ghafla ni siku yetu ya kuona. Kuku ni windo. Mwewe humtafuta aliye dhaifu, kicheche vilevile, na hata kuku wenzake humdonoa na kumfukuza chakulani aliyepoteza nguvu. Kwa hiyo huficha ugonjwa wake mpaka mwili ushindwe kuficha. Virusi vya mdondo kwa kawaida hukaa mwilini siku tano au sita kabla ya dalili kuonekana, na vinaweza kukaa siku mbili tu au hata kumi na tano. Jogoo wangu alipokuwa akiwika asubuhi ya kwanza uani kwangu, tayari alikuwa ameubeba.

Hata hivyo dalili ndogo hutangulia, na mwenye macho huziona. Kuku aliyezoea kutoka wa kwanza hutoka wa mwisho. Anayetaga huacha kutetea. Kilemba chake kinafifia. Anachelewa kupanda kulala, au anapanda mapema mno wakati wenzake bado wanaparura. Ndiyo maana ninasisitiza mfugaji mwenyewe awafungulie kuku wake asubuhi, asimwachie mtoto kila siku. Dakika tano za kusimama mlangoni zitakuonyesha mambo ambayo hakuna duka linaloyauza.

Umemkuta amejikunyata. Mtoe hapo kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Mweke kwenye boksi au tenga mbali na wenzake, pahali pakavu penye kivuli, pasipo na upepo, na umwekee maji yake peke yake. Joto la mwili wa kuku mzima ni kama nyuzi 41, kwa hiyo usishtuke ukimwona wa moto mkononi; sisi tukifika hapo tunalazwa, yeye ndiyo hali yake ya kawaida. Kuku mgonjwa asiyekula hupoteza joto haraka, na matandiko makavu ya maranda au pumba za mpunga humsaidia kuliko watu wanavyodhani. Kama ni mchana wa jua kali na anahema mabawa yakiwa wazi, huenda ni joto tu limemzidi. Huyo mpe kivuli, maji ya baridi na utulivu, kisha umtazame tena baada ya nusu saa.

Maji anayahitaji kuliko chakula. Lakini usimbane mdomo na kumimina. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma ya ulimi wake, wazi kabisa, na maji yaliyomiminwa kwa nguvu huingia mapafuni. Kuku wengi tunaosema wamekufa kwa ugonjwa, tumewazamisha sisi wenyewe kwa kijiko. Dondosha tone moja moja pembeni mwa mdomo, mwache ameze mwenyewe. Glukosi kidogo ndani ya maji hayo haina ubaya.

Baada ya hapo rudi uani uhesabu.

Tuseme ni huyo mmoja tu. Mkalishe magotini mwako, mfunike kwa khanga ili atulie, umkague kuanzia kichwani ukishuka. Angalia macho na pembezoni mwa kilemba. Ukiona vitone vyeusi vimekazana kama mbegu za ufuta zilizogandishwa, hao ni viroboto. Watu huwadharau, lakini wanaweza kummaliza kifaranga damu, na kuku mkubwa wakamwacha na kilemba cheupe. Wapake mafuta ya mgando, wafunike kabisa wakose hewa, kisha ukalifagie banda na kuchoma uchafu wake, maana mayai yao yako kwenye vumbi la chini. Usipoona kitu mchana na kilemba bado ni cheupe, rudi na tochi usiku. Kuna utitiri mwekundu unaojificha kwenye nyufa za miti ya banda wakati wa jua na kutoka gizani kunyonya.

Vipele vigumu kwenye kilemba na kope ni ndui, inayosambazwa na mbu, nayo hupamba moto mvua zinaponyesha. Uso uliovimba upande mmoja, kamasi na harufu mbaya puani ni mafua ya kuku, na hayo hayabaki kwa mmoja. Ukiyaona hesabu tena baada ya siku mbili. Tazama na shingo, kwa sababu hapa wengi huchanganya. Shingo iliyopinda na kujisokota, kichwa kikitazama mgongoni, huja na mdondo. Shingo iliyolegea tu, kichwa kimelala chini kama ua lililokosa maji, wakati kuku bado anakutazama, inaelekea kwenye sumu ya mzoga: amekula funza wa kitu kilichooza mahali fulani. Ukiona hivyo, zunguka kiwanja chako na cha jirani mpaka uupate mzoga huo uufukie. Uliza pia kama kuna mtu aliyetega sumu ya panya, au aliyemwaga mbegu za mahindi zilizopakwa dawa.

Kisha shika gole, ule mfuko chini ya shingo. Jioni hujaa, na asubuhi kabla ya kula huwa tupu. Gole gumu kama mpira alfajiri limeziba, mara nyingi kwa nyasi kavu ndefu, uzi wa nailoni au vipande vya mifuko. Mpe maji na mafuta ya kula kidogo, ulikande polepole kwa vidole mara kadhaa kwa siku. Likiwa laini lenye maji, na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha ndani. Katika hali zote mbili usimning'inize kichwa chini ili kumtapisha, hata kama umewaona wazee wakifanya. Yale maji yataelekea kwenye lile tundu la pumzi nililolitaja. Gole lisipolainika kwa siku moja, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huweza kulipasua na kulishona, na kuku akapona.

Ukifika nyuma, tazama manyoya chini ya mkia kama yamechafuka, kisha papasa tumbo. Miaka miwili baada ya msiba wangu wa mdondo, nilimkuta tembe mmoja amesimama wima pasipo kawaida, mkia chini, anasukuma na kupumzika, anasukuma na kupumzika. Wenzake wote walikuwa wazima. Safari hii sikukimbilia dukani. Nilimpapasa taratibu nikakuta yai, gumu, limekwama karibu na mlango. Nilichemsha maji, nikayapooza yakawa vuguvugu, nikamkalisha kwenye beseni tumbo likiwa ndani kwa dakika ishirini hivi. Nilimpaka mafuta ya kula kwenye tundu la kutagia, nikamfungia mahali pa giza penye ukimya. Saa kumi jioni nilimsikia akitetea. Yai lilikuwa na ganda jembamba lililokwaruzika, na hilo ganda ndilo lililonieleza kosa langu: sikuwa nawapa chokaa ya kutosha. Ganda moja lina karibu gramu mbili za madini hayo, na kuku anayetaga mara kwa mara huyatoa kwenye mifupa yake asipoyapata chakulani. Tangu siku hiyo maganda ya mayai kwangu hukaushwa, husagwa na kurudishwa kwenye chakula. Yai lililokwama usilivunje kwa makusudi likiwa ndani. Vipande humchana, na uchafu ukaingia.

Kinyesi kinastahili ukurasa wake. Kinyesi cha kuku mzima ni cha kahawia iliyokolea, na juu yake kofia nyeupe, ambayo ndiyo mkojo wake. Mara chache kwa siku hutoa kingine laini, cha rangi ya ugoro, chenye harufu kali. Hicho nacho ni cha uzima, ingawa nimewaona watu wakikinunulia dawa. Kinyesi cha kijani kibichi kinaweza kuwa dalili ya mdondo, lakini pia hutokea kuku asipokula kitu kwa siku nzima, kwa hiyo chenyewe peke yake hakitoshi kuhukumu. Damu kwenye kinyesi cha vifaranga, hasa wa kati ya wiki tatu na nane, wamejikunyata na mabawa yameshuka, karibu kila mara ni ugonjwa wa kuhara damu. Vijidudu vyake hukomaa kwenye matandiko yaliyolowa, na siku moja au mbili za unyevu na joto zinatosha. Hapa dawa ipo na inafanya kazi ikiwahi. Uliza yenye amproliamu, ufuate kipimo cha kwenye pakiti. Ila ukitoa dawa huku maji yanamwagika chini ya chombo kila siku, utanunua tena wiki ijayo. Tandua matandiko yote yaliyolowa siku hiyohiyo.

Sasa tuseme ulipohesabu hawakuwa mmoja.

Umewakuta watatu, wanne, kesho saba. Ikiwa wengine wanakoroma, wengine wanahara kijani na nyeupe, mmoja anatetemeka kichwa, mwingine mguu umepooza, na mmoja amekufa bila kuonyesha lolote, fikiria mdondo kabla ya kingine chochote, hasa ikiwa ni kiangazi na hukuwachanja. Wengine huuita kideri. Wazungu waliupa jina la mji wa Newcastle huko Uingereza, ambako ulizuka mwaka 1926, mwaka uleule ulipozuka pia kisiwani Java. Mimi naona jina letu ndilo sahihi zaidi. Mdondo: kuku wanadondoka. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kuondoka nao karibu wote.

Hauna tiba. Naliandika hili waziwazi kwa sababu pesa nyingi za watu wa kipato kidogo zinateketea hapa. Mdondo ni virusi, na antibiotiki haiui virusi. Ule unga niliokoroga kwenye maji haukugusa kilichokuwa kinaua kuku wangu, ila ulifanya mayai ya wachache waliobaki yasifae kuliwa mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Shubiri mwitu na pilipili kichaa zina watu wake, na sitamvunjia heshima bibi yeyote anayezitumia. Lakini katika kila mlipuko wapo kuku wachache wanaosalimika wenyewe, na dawa yoyote waliyopewa siku hiyo ndiyo hubeba sifa.

Kinachotuumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni mambo mawili tunayoyafanya kwa nia njema. La kwanza ni kuwahi kuchinja. Kuku anaumwa, mwenye nyumba hataki afe kibudu, anamchinja na kumpika. Sawa, lakini damu imemwagika uani, manyoya yamepeperushwa, matumbo yamerushiwa mbwa, na maji ya kunyonyolea yamemwagwa pale wanaposhinda kuku wengine. Virusi vyote vilivyokuwa ndani ya kuku mmoja vimetandazwa kwa kundi zima, na kwa kundi la jirani. La pili ni kuuza. Habari za mdondo zikisikika mtaani, matenga hujaa haraka, kuku wanapakiwa juu ya basi, na jioni ugonjwa umeshuka wilaya nyingine. Jogoo wangu, ninavyoamini, alifika mnadani kwa njia hiyo. Sina kinyongo na aliyeniuzia. Huenda alikuwa na ada ya shule ya kulipa. Lakini kuku kumi na tisa walikufa.

Basi wakiugua wengi, funga mlango wako. Kuku asitoke wala asiingie. Wahudumie wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kisha unawe mikono na miguu kwa sabuni na kubadilisha viatu. Walio hoi, shingo zimejisokota, hakuna huruma katika kuwaacha wateseke. Wamalize upesi, uwachome au uwafukie kwenye shimo refu ambalo mbwa hawafikii. Virusi hivi huweza kumpa mtu macho mekundu yanayowasha, kwa hiyo usijisugue uso ukiwa kazini. Tena, kuku wengi wakifa kwa mkupuo vichwa vimevimba na vilemba vimegeuka zambarau, usiwaguse kwa mikono mitupu wala usiwachinje. Mafua makali ya ndege yalithibitishwa Uganda Januari 2017, kando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo si habari ya mbali. Mwite bwana mifugo siku hiyohiyo.

Si vifo vyote vya wengi ni mdondo. Kipindupindu cha kuku huua vilevile ghafla, mara nyingine kuku walionona wakitaga vizuri, na ndevu zao huvimba. Hicho ni bakteria na antibiotiki sahihi husaidia. Ugonjwa huo una heshima yake katika historia, kwani ndio Louis Pasteur alioutumia alipotangaza mwaka 1880 kwamba vimelea vilivyodhoofishwa maabara vinaweza kumkinga kuku badala ya kumuua. Gumboro nayo hushambulia zaidi vifaranga wa wiki tatu hadi sita. Kwa macho tu, hata bwana mifugo mzoefu anaweza kukosea kati ya haya. Ndiyo sababu kuku aliyekufa ana thamani. Mtie kwenye mifuko miwili ya plastiki, uifunge, umweke pahali pa baridi bila kumgandisha, umpeleke upesi maabara ya mifugo iliyo karibu. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una vituo mikoani. Jibu la mzoga mmoja linaweza kuwaokoa wote waliobaki.

Nimeacha chanjo mwisho, kwa vile haimsaidii kuku aliyekwisha kuugua. Lakini ndiyo ingewaokoa wangu. Kwa miaka mingi kikwazo kilikuwa barafu: chanjo za mdondo zilitaka ubaridi kutoka kiwandani hadi kijijini, na kijiji hakina friji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakatengeneza mbegu ya chanjo iitwayo I-2, inayostahimili joto kuliko zile za zamani, ikatolewa kwa nchi zetu bila kudaiwa malipo ya hakimiliki, na leo hutengenezwa hapahapa Tanzania. Tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo. Subiri apepese, umwachie. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Wape wakiwa wazima tu, walau mwezi mmoja kabla ya msimu ambao mdondo huzoea kupita kwenu. Jipangeni pamoja na majirani, mchanje kuku wenu siku moja na kugawana chupa, kwa kuwa chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wa mtu mmoja. Na kila kuku mgeni, awe wa mnadani au wa zawadi kutoka kwa shemeji, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuonana na wenyeji.

Leo usiku, kuku wakishapanda kulala, chukua tochi uende bandani. Wahesabu. Pitisha mkono chini ya shingo ya kila mmoja uone nani amelala na gole tupu, sikiliza nani anakoroma, kisha uandike idadi yao na tarehe ya chanjo ya mwisho nyuma ya mlango. Kama tarehe hiyo huikumbuki, nenda kesho kwa bwana mifugo ukaulizie I-2.